Sura ya Nne: Ndoo ya Maji ya Moto

Mwezi Julai, saa kumi na mbili asubuhi, maji ya bomba Mbeya hayashikiki. Jiji limekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa Uyole huchelewa kuondoka kama mgeni aliyesikia kuku anakimbizwa. Mtoto wa shule lazima aoge. Mama anatumbukiza hita kwenye ndoo, kile chuma kilichoviringwa chenye waya mrefu, anachomeka ukutani, anawaonya watoto wasisogee, kisha anasubiri maji yaanze kutoa sauti.

Tufanye hesabu ya ndoo hiyo, kwa sababu bei ya umeme haieleweki hewani. Inaeleweka ndani ya ndoo.

Nusu ndoo ni lita 10. Tuseme maji yametoka bombani yakiwa na nyuzijoto 12 na tunayataka yafike 42, ya kuogea tu, si ya chai. Kazi hiyo inakula theluthi moja ya uniti na kidogo, yaani 0.35. Familia ya watu watano, kila mmoja na nusu ndoo yake, inatumia uniti 1.75 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 52. Hapo hatujawasha taa, hatujapiga pasi, hatujachaji simu.

Uniti 52 zinagharimu kiasi gani? Jibu linategemea wewe ni nani machoni pa mita. Mteja wa nyumbani anayetumia umeme kidogo huwekwa daraja la D1. Yeye hununua uniti kwa shilingi 100, na ukiongeza asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini inayokwenda REA na asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA, anatoa shilingi 122. Mteja wa kawaida yuko daraja la T1. Uniti yake ni shilingi 292, na kwa makato yaleyale inafika 356. Kwa hiyo kuoga kwa familia yetu kunagharimu shilingi 6,300 hivi kwa mwezi ikiwa D1, na 18,500 ikiwa T1. Maji ni yaleyale na hita ni ileile.

Sasa sikiliza sharti la D1: matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Familia yetu imeshatumia 52 bafuni. Zimebaki 23 za taa, redio, televisheni na pasi ya sare za shule. Friji usiiulize. Wakivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya makato, na wakiendelea kuvuka wanahamishiwa T1.

Kikomo hicho cha 75 ni kimoja kwa nchi nzima. Mkazi wa Tanga anayelala na feni ya wati 60 kwa saa nane kila usiku hutumia uniti 14 au 15 kwa mwezi kujipoza. Mkazi wa Mbeya hutumia 52 kumwondolea mwanawe baridi. Kanuni haikukusudia kuadhibu baridi, lakini ndivyo inavyofanya kazi huku Nyanda za Juu Kusini.

Mashine haioni milango

Tushuke Iringa, Kihesa, kwenye kibanda cha wakala wa miamala. Ni tarehe mosi.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Nipigie umeme wa elfu kumi.”

“Sawa. Ila leo tarehe mosi, kodi ya jengo inakatwa.”

“Kwani mimi nina jengo?”

Wakala hajibu. Anaandika namba za mita, simu inalia, na mama anapewa tarakimu 20 kwenye kipande cha karatasi. Swali lake limebaki pale kibandani, na ni swali la haki. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mwenye kodi kwa haki yake ni mwenye nyumba. Anayeshika simu na kununua tokeni, mara nyingi, ni mpangaji.

Elfu kumi yake ikitoa 1,500 inabaki 8,500. Igawe kwa 356, atapata uniti 23.9. Akirudi tarehe kumi na elfu kumi nyingine atapata 28. Ndiyo maana kila mwanzo wa mwezi watu husema umeme umepanda. Uniti haijapanda. Kilichopanda ni mzigo uliofungwa mgongoni mwa tokeni.

Mama huyu anaishi katika nyumba ya vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila mlango unachangia. Mwenye taa moja na simu anatoa chake, mwenye friji na spika kubwa anatoa chake, na mwisho wa mwezi hakosekani mtu anayechungulia dirishani kuona nani ameacha jiko la umeme linawaka. Kila familia peke yake ingetumia uniti 30 au 40 na ingestahili D1 bila ubishi. Zikijumlishwa zinakuwa 200. Mita inaona tajiri mmoja anayeishi kwa raha, na inamtoza T1. Mashine haioni milango.

Basi unafuu uliowekwa kwa ajili ya maskini unampita maskini wa mjini kwa kuwa hana mita yake. Na kuwa na mita yake si jambo dogo. Kijijini kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000. Mjini bei hiyo iliwahi kutumika pia, lakini mwaka 2022 ikarudi 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo. Ndizo hesabu anazozipiga mwenye nyumba kabla ya kumwambia mpangaji, “Tuendelee kuchangia tu.”

Ngazi ya kupanda, ngazi ya kushuka

Hadi hapa sijataja mafuta. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu ndivyo stakabadhi yetu inavyofanya. Nchini Kenya, bili ya umeme ina mstari wake wa gharama ya mafuta. Mashine za mafuta zikifanya kazi sana, mstari unanenepa. Mvua ikinyesha, unakonda. Mteja analalamika, lakini anajua anamlalamikia nani. Kwetu mafuta yamejificha ndani ya uniti. Ili kuyaona inabidi turudi nyuma.

Januari 2011 bei ya umeme ilipanda kwa asilimia 18.5. Mwaka huo mvua zilikuwa zimekata, mabwawa yakashuka, na mgao ukashika nchi nzima. Mafundi wa kuchomelea walilala vibandani wakisubiri umeme wa usiku wa manane. Julai, wabunge waligoma kupitisha bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini hadi iliporudishwa Agosti ikiwa na mpango wa dharura. Mpango huo ulikuwa, kwa neno moja, mafuta: kukodi mitambo ya dharura kutoka kampuni kama Aggreko na Symbion, na kuinunulia mafuta mazito mitambo ya kampuni binafsi ya IPTL pale Tegeta ili iwake.

Bili ilifika Januari 2012. Shirika la umeme, TANESCO, liliomba kupandisha bei kwa asilimia 155. EWURA wakakubali 40.29. Januari 2014 ikaja nyingine, asilimia 39 na ushee. Uniti ya T1 iliyokuwa 221 ikawa 306, na ya D1 ikatoka 60 hadi 100, japo kikomo chake kilisogezwa kutoka uniti 50 hadi 75. Ukizidisha mapando hayo matatu utaona kwamba umeme wa shilingi 100 mwaka 2010 ulikuwa wa shilingi 231 mwanzoni mwa 2014. Mshahara wa mwalimu wa Mafinga haukupanda ngazi hiyo.

Kwa nini mafuta yanauma hivyo? Lita moja ya dizeli kwenye jenereta kubwa lililo zima hutoa uniti tatu hadi nne. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, mafuta peke yake yanagharimu kati ya shilingi 750 na 1,000 kwa uniti moja, kabla hujalipa mtambo, fundi, nyaya na umeme unaopotea njiani. Shirika linauza uniti hiyo kwa 292. Kila uniti ya dizeli inayoingia kwenye gridi ni hasara kabla haijafika Kihesa. Hasara hiyo haina njia ila tatu: ipande kwenye bei, iingie kwenye deni la shirika, au ilipwe na Hazina, yaani na kodi. Njia zote tatu zinaishia mfukoni mwa yule mama wa kibandani, ila mbili kati yake hazionekani.

Katika miaka ya dharura hupita pia mikono mirefu. Ukame wa 2006 ulizaa mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, kashfa ikalipuka, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2014 likaja sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, fedha zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro kuhusu malipo ya IPTL, na mawaziri wakaondoka. Watu wengi wanazikumbuka kama kashfa za siasa. Mimi nazisoma kama kashfa za ukame: hakuna anayekodi mtambo wa mafuta kwa pupa bwawa likiwa limejaa.

Kisha mafuta yakashuka. Katikati ya 2014 pipa moja kwenye soko la dunia liliuzwa zaidi ya dola 110, na Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Huku kwetu, Machi 2015 uniti ikatoka 306 hadi 298, na Aprili 2016 ikawa 292. Shilingi 14 jumla. Haki ya Mungu isemwe: Aprili hiyohiyo tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliondolewa, na huo ulikuwa unafuu wa kweli. Lakini kwenye uniti yenyewe, bei ilipanda kwa lifti ikashuka kwa ngazi, tena vidato viwili tu. Shirika lilikuwa na madeni ya miaka ya ukame, na nafuu ya mafuta ilikwenda kuziba mashimo yaliyochimbwa na mafuta.

Mwisho wa Desemba 2016 EWURA waliridhia ongezeko la asilimia 8.5, lianze tarehe mosi Januari. Halikuanza. Waziri Sospeter Muhongo alilisimamisha mkesha wa mwaka mpya, na siku iliyofuata Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Tangu wakati huo 292 imekaa palepale. Ni somo ambalo kila aliyekaa kiti kile baadaye amelikumbuka.

Kwa hiyo anayesema “umeme umepanda” na anayesema “umeme haujapanda tangu 2016” wote wana ukweli. Bei imesimama. Gharama haikusimama. Ilitafuta milango mingine.

Tone la Usangu

Ukitaka kujua gharama hiyo inatoka wapi, usiende Dar es Salaam. Panda basi la Mbeya, ushuke Igawa au Chimala, utazame bonde la Usangu.

Hapo, wilayani Mbarali, ndipo mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto inapokutana: Mbarali, Kimani, Chimala na wenzake. Inanywesha mashamba ya mpunga yanayotoa mchele wa Mbeya unaosifiwa hadi Kariakoo, inatanda kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha inatoka ikiwa Ruaha Mkuu na kuelekea Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma.

Mtera ni bwawa la hadithi mbili. Hadithi ya kwanza ni mtambo wake wa megawati 80. Ya pili ni kwamba bwawa hilo ndilo tangi linalotunza maji ya Kidatu, chini yake, kwenye mtambo wa megawati 204 uliojengwa kwa awamu kati ya 1975 na 1980. Maji yakiteremka kiasi cha mita 100 kwenye mitambo ya Mtera, yanahitajika mita za ujazo nne hivi kutoa uniti moja. Yanaendelea na safari, yanaanguka tena Kidatu na kutoa zaidi. Kisha Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, na tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza ulipowashwa, maji hayohayo yanazungusha mashine za Bwawa la Julius Nyerere.

Tone moja la Usangu, basi, linafanya kazi mara tatu kabla ya kuona bahari. Lipime tena kwa hesabu ya mafuta: lita moja ya dizeli inafanya kazi ya mita za ujazo 14 hivi za maji pale Mtera. Maji hayo yangeendelea kufanya kazi Kidatu na Rufiji. Dizeli ikishaungua imeungua, na dola zake zimekwenda.

Ndiyo maana naamini orodha ya kweli ya bei za umeme haiko ofisini. Iko kwenye rula ya kupimia kina cha Mtera. Bwawa likijaa, rula inasoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Ikifika 690, mitambo haina haki ya kunywa tena. Kati ya namba hizo mbili kuna mita nane na nusu, na ndani ya mita hizo ndimo mlimokaa kila mgao, kila mkataba wa dharura na kila pando la bei la ujana wangu. Oktoba 2015 hali ilifika mahali ambapo mitambo ya maji nchini ilizimwa. Ilikuwa ikitoa megawati 105 kati ya uwezo wake wa 561.

Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi katika sehemu inayopita Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 utatiririka mwaka mzima. Wafugaji wakaondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na bonde likaingizwa hifadhini mwaka 2008. Kwa miaka mingi lawama ilikuwa rahisi: mfugaji na mkulima wa mpunga ndio waliozima taa za Dar es Salaam. Watafiti wa maji waliochunguza bonde hilo walileta hesabu isiyopendeza ofisini. Maji yanayojaza Mtera ni ya masika, yanayopita mashambani kwa wingi kuliko uwezo wa mfereji wowote. Maji ya kiangazi yanayogombaniwa ni kidogo mno ukilinganisha na kiu ya mitambo. Namna bwawa lenyewe lilivyofunguliwa na kufungwa ilikuwa na sehemu yake katika kukauka kwake.

Sisemi mkulima hana jukumu. Mfereji usiosakafiwa unapoteza maji, na anayelima kingo za mto anaiba. Lakini mama wa Chimala anayepanda mpunga na mama wa Kihesa anayenunua tokeni wamewekwa wapigane juu ya kitu ambacho mikataba ya mafuta imekipoteza zaidi kuliko wao.

Kusini kidogo kuna Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, megawati 180, ambako maji huanguka zaidi ya mita 800. Kila mita ya ujazo pale ni uniti mbili. Pana pia chura mdogo wa njano aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko hayo tu. Bwawa lilipoyakata manyunyu, wengine walipelekwa kutunzwa Marekani, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kutoweka porini, ndipo baadaye jitihada za kumrudisha zikaanza. Namtaja kwa sababu tunapenda kusema umeme wa maji ni wa bure. Si wa bure. Kuna anayelipa, na si lazima awe na mita.

Mafuta yanapita mlangoni

Kuna kejeli moja ya Nyanda za Juu ambayo watu wachache huitazama. Chini ya ardhi yetu, Iringa na Mbeya, limelala bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililokamilika mwaka 1968 baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi na Zambia kukosa njia ya kusini. Kwa miongo lilibeba mafuta ghafi. Tangu 2023 linabeba dizeli. Dizeli hiyo inapita chini ya miguu yetu ikielekea kwa jirani, huku ya kwetu ikipanda mlima wa Kitonga juu ya lori, inapumulia kona kwa kona, nayo kila kona ina gharama.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, wilaya kwa wilaya. Mbeya huwa juu ya Dar es Salaam, kwa sababu lori nalo hunywa dizeli kuleta dizeli. Agosti 2022, miezi michache baada ya vita vya Ukraine kuanza, petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na hiyo ilikuwa baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Umeme haukupanda siku hiyo hata senti. Lakini nauli ya kutoka Mwanjelwa ilipanda, saruji ilipanda, na kijijini ambako mashine ya kusaga bado inaungua dizeli, debe la mahindi likapanda.

Mwishoni mwa 2023 mgao uliporudi, bei ya kweli ya umeme ilionekana barabarani. Saluni na mabucha yalitoa nje jenereta ndogo za petroli. Jenereta ya aina hiyo hutoa uniti mbili hivi kwa lita. Petroli ikiwa juu ya 3,000, uniti moja ilikuwa shilingi 1,500, mara nne ya uniti ya TANESCO. Aliyekuwa akilalamikia 356 alijikuta akiitamani. Umeme ghali kuliko wote ni ule usiokuwepo.

Na asiye na umeme kabisa hakuachwa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili wafanyabiashara waache kuchakachua dizeli kwa kuichanganya nayo. Lengo lilikuwa jema, na aliyelipa alikuwa bibi mwenye koroboi kule Kilolo, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote.

Kilicho chini ya miguu yetu

Je, hatuna kitu kingine cha kuchoma? Tunacho. Makaa ya mawe ya Kiwira yalianza kuchimbwa mwaka 1988 kwa msaada wa Wachina, na mgodi ulikuwa na mtambo wake mdogo wa megawati 6. Miaka ya 2000 ukabinafsishwa, ukarudi mikononi mwa serikali, na mipango ya megawati 200 imebaki mipango. Leo shirika la madini la taifa, STAMICO, linatumia makaa hayo kutengeneza mkaa mbadala wa kupikia. Chini ya ziwa Ngozi, Rungwe, kuna joto la ardhini lililosubiri kuchorongwa kwa miaka mingi. Wakenya walishachoronga la kwao pale Olkaria, na ndilo linalopunguza unene wa ule mstari wa mafuta kwenye bili yao.

Mfano wa karibu zaidi uko Mufindi. Mto Mwenga unazungusha mtambo wa megawati 4 tangu 2012, ukilisha viwanda vya chai na vijiji vinavyouzunguka, na ziada ikauzwa TANESCO. Hauchomi tone la mafuta. Mkoa wa Iringa una mito ya namna hiyo, na miti ya nguzo inatoka Sao Hill hapohapo. Ukitazama ramani ya umeme wa nchi hii, Nyanda za Juu ni jikoni. Na mpishi, kama kawaida, anakula mwisho.

Sasa Bwawa la Nyerere limekamilika, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Machi 2024 maji yalizidi hadi mitambo mingine ikazimwa kwa kuwa umeme ulikuwa mwingi. Watu wanauliza kwa nini bei haishuki. Nimeshawajibu katika kurasa zilizopita: 292 haikuwahi kuwa bei ya umeme wa dizeli. Ilikuwa sehemu tu ya bei, na iliyobaki iliandikwa kwenye madaftari ya madeni. Maji ya Rufiji yanalipa kwanza dizeli ya 2011.

Lakini hilo si sababu ya kukaa kimya, kwa sababu kuna mambo matatu yasiyohitaji bwawa jipya. La kwanza, gharama ya mafuta ionekane kwenye stakabadhi kama kwa jirani, ili siku mafuta yakishuka tujue cha kudai. La pili, kikomo cha uniti 75 kitazamwe upya. Kimekaa hivyo tangu Januari 2014, na hakiwezi kuwa sawa kwa Tanga na kwa Uyole. La tatu, nyumba ya wapangaji ihesabiwe kwa milango yake.

Wewe unayesoma anza na karatasi iliyo mkononi mwako. Ondoa kodi ya jengo kwenye fedha uliyolipa, kinachobaki kigawe kwa idadi ya uniti. Ukipata 122, uko D1, lala. Ukipata 356, uko T1. Kama matumizi yako ya mwezi hayafiki uniti 75, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako na namba ya mita, uombe uhamishwe. Nenda mwenyewe. Usimtume kishoka.